Wifi Yangu na Maktaba ya Mashine Iliyokufa

"Mimi sikuajiriwa kungoja!" Wifi yangu alikuwa anafoka, na kiganja chake kilishatua mezani mara mbili. "Dakika arobaini kwa vipande thelathini! Chai imechemka, imenywewa, vikombe vimeoshwa na kukauka, kompyuta hii bado inafikiri. Inafikiri nini? Inaposwa?"

"Basi shika penseli kama wenzako," Fundi Mkuu akamjibu bila kuinua macho kwenye meza ya kukatia. "Penseli haifikiri. Penseli inafanya kazi."

"Penseli yako ndiyo iliyopeleka vioo viwili jalalani wiki iliyopita, fundi. Usinichokoze."

"Nani kasema?"

"Nimeviona kwa macho yangu, na wifi huyu hapa ni shahidi."

Wifi huyu hapa ndiye mimi. Natunza stoo ya karakana ya vioo, na mke wa mdogo wangu ndiye karani wa mipango. Wateja wakileta vipimo vya madirisha yao, yeye ndiye anayepanga kipande kipi kikatwe wapi kwenye kioo kizima, ili mabaki yawe machache. Sikutaka ushahidi wa mtu asubuhi ile. Lakini vioo kweli vilitupwa, na mwenye kufagia vigae vyake alikuwa ni mimi, kwa hiyo nikasema, "Viwili na nusu." Fundi akaninunia mpaka saa sita.

Watu wanaomwona wifi leo, penseli sikioni, miwani puani, wanadhani alizaliwa mezani. Hawamjui. Aliingia karakana hii kuosha vioo. Miaka saba alisimama kwenye beseni la maji ya siki, vidole vimefungwa plasta kila kimoja kama vimevaa soksi. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kioo alichokiosha alikitajia upana na urefu kwa kukitazama tu, kisha anachukua futi anahakikisha. Akikosea zaidi ya milimita tano, siku hiyo hasemeshwi. Mdogo wangu alipomwoa alikuja kuniuliza, "Dada, mke wangu anapima mlango wa jirani kwa macho kabla ya kubisha hodi. Ni kawaida?" Nikamwambia, "Wewe umepata wa kupima mlango, wenzako wamepata wa kuuvunja. Nyamaza."

Karani wa zamani alipoacha kazi, bosi aliuliza nani anajua kompyuta. Wifi akasema yeye. Hakujua. Alichokijua ni kile alichokiona juu ya bega la karani wakati anafuta madirisha ya ofisi, na madirisha yale, nakuapia, kwa mwezi mzima yalifutwa kuliko ya hospitali. Lakini mtu mwenye njaa ya kitu humfundishi, unampisha tu. Baada ya miezi sita alikuwa anatengeneza makro. Makro, kwa asiyejua, ni maagizo unayoyaandika ndani ya jedwali la kompyuta ili lifanye kazi lenyewe, usibonyeze wewe mpaka kidole kiote sugu. Makro ya wifi ilikuwa inapanga vipande kwenye kioo, inapangua, inapanga tena, mpaka ipate mpango wenye mabaki kidogo. Akili ilikuwa nayo. Mbio ndizo hazikuwapo. Kompyuta huisoma makro mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la pili anayeweka kidole chini ya kila neno. Kwa dirisha la jikoni la mtu mmoja, sawa. Kwa jengo zima, utazeeka.

Na jengo zima ndilo lililokuja, Jumatano ile ile ya ugomvi. Bosi aliingia na bahasha kwapani: ghorofa nne, vipande mia sita na kumi na viwili vya madirisha. Stoo ilikuwa na vioo tisini vizima. Mzigo mwingine ulikuwa hauji mpaka mwezi ujao. Mteja angefika Ijumaa saa nne asubuhi kuona mpango. Vioo tisini vikitosha, kazi yetu. Visipotosha, anavuka barabara kwenda karakana ya pili.

Fundi Mkuu akakaa na penseli yake na rula yake mpaka jioni. Akaja na jibu: vioo tisini na saba.

Bosi akamgeukia wifi. Bosi wetu si mtu wa maneno mengi, na machache aliyo nayo yana ncha. "Mama, ukinipa tisini au pungufu, meza ni yako. Usiponipa, mipango narudisha kwa fundi, na beseni unalijua lilipo."

Nilimtazama wifi vidole vyake. Vilikuwa vimepona miaka mingi, lakini alivikunja kama bado vinachoma.

Makro alikuwa ameiwasha tangu bahasha ilipofunguliwa. Tulipofunga karakana ilikuwa imemaliza kioo cha tatu. Akapiga hesabu kwa kasi ile: ingemaliza mwezi ujao.

"Basi itafika pamoja na mzigo," nikamwambia.

Akachukua mkoba wake akatangulia nje.

Alhamisi saa mbili kasoro nilimkuta chumba cha nyuma, amesimama mbele ya mashine iliyokufa. Ile ni mashine ya kukatia vioo ambayo bosi aliinunua ikiwa imeshatumika kwa watu, ikakata miaka miwili, mota ikaungua. Sasa tunaanikia matambara juu yake. Lakini kompyuta yake ndogo ya pembeni bado inawaka ukiipiga kofi.

"Wifi," akaniambia bila salamu, "mashine hii ilikuwa inapanga vipande yenyewe. Nakumbuka. Mtu anapiga chafya, mpango umetoka. Sasa niambie, nani alikuwa anafikiri? Mota?"

"Mota haifikiri."

"Eh! Mota haifikiri!" Alinishika mkono akanivuta karibu na skrini. "Mota imekufa, lakini aliyekuwa anafikiri yumo humu. Tazama. Faili hili. Ndiyo maktaba yake."

"Maktaba ya vitabu iko wapi hapo?"

"Si ya vitabu. Ni faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa na fundi wa programu, zikageuzwa kabisa kuwa lugha ya mashine yenyewe. Hapa hakuna kusomewa kwa kidole. Makro yangu ikiita kazi hiyo kwa jina, ikaipa vipimo, inafanya mara moja na kurudisha jibu."

Alinifungulia nione. Zilikuwa herufi zimemwagika kama choroko zilizotoboa mfuko. "Utamwitaje mtu ambaye huwezi hata kumsoma?"

"Sihitaji kumsoma. Nahitaji kujua jina lake na anataka kupewa nini. Kulikuwa na karatasi ya maelezo."

Karatasi ilikuwapo. Fundi Mkuu alikuwa ameitandika chini ya droo yake ya vikatio, imelowa mafuta.

"Hiyo? Hiyo ni shuka la vikatio vyangu," akasema fundi. "Na nyie mnataka kufufua maiti."

"Simfufui, fundi. Nataka ubongo tu, mwili baki nao."

"Na droo yangu?"

"Nitaitandika gazeti la leo. Vikatio vyako vitasoma habari mpya."

Hata mimi nilicheka. Fundi akatoa kikatio kimoja kimoja, polepole, makusudi, huku wifi anarukaruka kama mtu aliyebanwa na haja. Alipoipata karatasi alikimbia nayo.

Akalinakili faili kwenye flashi, akalipeleka kwenye kompyuta yake mpya ya ofisini. Juu kabisa ya makro akaandika tangazo: faili linaitwaje, liko wapi, kazi inaitwaje, inataka nini na nini kwa mpangilio gani. Akabonyeza. Skrini ikajibu: faili halikupatikana.

"Lipo!" wifi akapiga kelele. "Lipo hapo! Mimi nimeliweka! Una macho wewe?"

Alibadilisha jina. Alilihamisha. Alilitafutia chumba kingine ndani ya kompyuta. Halikupatikana. Ilipofika saa tano penseli ilikuwa imetafunwa nusu. Halafu akaiweka chini, na wifi akiweka penseli chini ujue kuna kitu kinapikwa.

"Ni biti, ule ukubwa wa tonge ambalo kompyuta inameza namba zake," akasema. "Maktaba ni ya zamani, ya biti thelathini na mbili. Jedwali langu ni jipya, la sitini na nne. Hawa hawawezi kukaa nyumba moja. Na badala ya kuniambia ukweli, inasema faili hakuna!"

"Kama mwenye nyumba aliyejificha uvunguni akimtuma mkewe aseme katoka."

"Hasa!" Kisha akageuka, akanitazama, akatabasamu. "Wifi yangu mpenzi."

Akiniita mpenzi huwa najishika mfukoni. Safari hii hakutaka kilichomo mfukoni. Alitaka kompyuta yangu ya stoo. Kila mtu anaicheka kompyuta ile, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Lakini jedwali lake ni lile la zamani, la biti thelathini na mbili.

"Nina orodha ya stoo imefunguka," nikamwambia. "Siku mbili nimehesabu. Sijaihifadhi. Ngoja nimpokelee mtu mipira ya kubania vioo vya madirisha hapo mlangoni, nikirudi—"

Nikaenda mlangoni. Kungoja si fani yake, mwenyewe alishatangaza. Niliporudi alikuwa amechomeka flashi, ameandika tangazo lake, amebonyeza. Na mbele ya macho yangu jedwali lote likafumba. Hakuna onyo wala kwaheri. Makro ikapotea, na orodha yangu ya siku mbili nayo ikapotea, nikabaki natazama picha ya maua.

Nilipiga yowe lililowatoa waosha vioo kwenye mabeseni.

"Una deni langu!" nikamwambia. "Unanisikia? Hiyo stoo utaihesabu wewe, kwa mikono yako, kitu kwa kitu, mpaka mpira wa mwisho wa dirisha!"

"Nitahesabu, wifi, nitahesabu." Hata hakunitazama. Macho yalikuwa yanamng'aa kama kioo kilichotoka kwenye siki. "Lakini umeona? Imeanguka!"

"Nimeona imeanguka! Imeniangukia mimi!"

"Ile ya ofisini haikuanguka. Ile ilikataa mlangoni. Hii imeanguka kwa sababu imeingia ndani! Imeitwa na imeitika!"

Mtu huyu alikuwa anafurahia ajali. Nikataka kukasirika vizuri, lakini furaha yake ilikuwa imeshanipanda mwilini kama upele. Nikavuta kiti nikakaa.

Alasiri nzima tulikuwa na karatasi ya mafuta kati yetu, yeye anasoma, mimi naielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kosa lilikuwa chini ya doa. Karatasi ilisema idadi ya vipande itolewe kama thamani yenyewe. Jedwali, usipoliambia, lina desturi yake: halikabidhi kitu, linakabidhi anwani ya mahali kitu kilipo. Ni kama nikuulize vioo vingapi, nawe badala ya kusema kumi na viwili unipe karatasi ya namba ya rafu. Maktaba haikujua kwamba ile ni anwani. Iliona namba, ikaamini ndiyo idadi: milioni hamsini na kitu. Ikaanza kupanga vipande milioni hamsini na kitu, ikatoka nje ya uwanja wake, ikakanyaga vya watu, jengo likaanguka.

Neno moja tu lilikosekana kwenye tangazo. Akaliandika kengele ya kufunga ilipokuwa inalia. Kabla hajabonyeza, bosi mwenyewe alikuja kuzima umeme.

Ijumaa saa mbili tulikuwa mlangoni kabla ya mlinzi kutoa funguo. Feni ikanguruma. Wifi akahifadhi kila kitu mara tatu, akabonyeza.

Nakwambia hivi: hajainua kidole, jibu limetoka. Mistari ikamwagika kwenye jedwali kama mtu amefungulia bomba. Kioo cha kwanza, cha pili, cha arobaini. Mwisho kabisa, chini: vioo themanini na nane.

"Themanini na nane!" Alinikumbatia, kiti kikaanguka. "Wifi, themanini na nane!" Akachapa, akakimbia uani na makaratasi mkononi, kiatu kimoja kimemvuka. "Fundi! Themanini na nane!"

Fundi Mkuu akapokea. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama," akasema kwa upole mbaya, "hapa pameandikwa, kipande namba moja: upana sifuri, urefu sifuri. Hewa hii niikate kwa kikatio gani?"

Waosha vioo waliangua kicheko mpaka maji yakamwagika. Wifi akasimama na kiatu kimoja. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na robo.

Mimi nikayachukua makaratasi, kwa sababu kicheko hakihesabu na mimi kuhesabu ndiyo kazi yangu. Nikashuka na kidole mpaka mwisho. Vipande vya kweli vilikuwa mia sita na kumi na kimoja. Cha mwisho kwenye orodha ya mteja, dirisha la choo cha ghorofa ya nne, hakikuwapo.

"Mtu atakaa chooni anapigwa na upepo," nikasema.

Tulirudi stoo mbio. Wifi akakaa, anasoma maagizo yake kwa sauti. "Vipimo naviweka kwenye masanduku ya ndani ya makro. Sanduku la kwanza naacha, naanzia la pili..."

"Kwa nini unaacha la kwanza?"

"Si ndivyo tunavyoweka." Akaguna. Akanigeukia, mdomo wazi.

Niseme kwa wasiowahi kuingia stoo yangu: rafu za vioo zina nafasi, na nafasi ya kwanza, ile ya karibu na mlango, hatuweki kioo kamwe. Upepo ukipiga mlango, mlango unapiga kioo. Kila mtu wa karakana hii anajua, haambiwi. Mkono unaipita nafasi ile wenyewe. Na wifi, miaka yote ile ya kupanga vioo vilivyooshwa, mkono wake umeipita hata ndani ya kompyuta. Akaiacha tupu kule ambako hakuna mlango wala upepo, kisha akaielekeza maktaba ianzie hapo hapo. Maktaba ikahesabu sanduku tupu kama kipande, na ilipotimiza mia sita na kumi na viwili, dirisha la choo likabaki nje.

"Wifi," nikamwambia, "umeacha nafasi ya mlangoni."

Alijipiga paji la uso, akacheka, akalia kidogo, vyote kwa pamoja. Akabadilisha mahali pa kuanzia. Akabonyeza. Kipande namba moja: dirisha la mapokezi. Kipande namba mia sita na kumi na viwili: choo cha ghorofa ya nne. Vioo: themanini na nane.

Mteja alifika saa nne kasoro dakika tano, na bosi ubavuni mwake. Fundi Mkuu alikuwa ameshayachukua makaratasi, anayapima kioo baada ya kioo. Tulisimama kama wanaosubiri daktari. Kioo cha kwanza, akaitikia kwa kichwa. Cha pili, akaitikia. Kwenye cha tano akasimama, akarudi nyuma na rula.

"Hapa amelilaza dirisha la ngazi ubavu," akasema. Akapima. "Mimi nisingelilaza." Akapima tena. "Likilazwa, vya jikoni viwili vinaingia juu yake." Akamtazama wifi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama. "Nileteeni kioo."

Nilimletea mimi mwenyewe, na kijana wa kunishika upande wa pili. Akakata cha kwanza mbele ya mteja. Kilikatika safi, sauti ile ya *trak* ambayo watu wa vioo tunaisikia mpaka kwenye mifupa. Mteja akatia sahihi kwenye boneti ya gari lake.

"Meza yako ina vumbi, mama," bosi akamwambia wifi alipokuwa anapita. "Ifute." Kwa bosi wetu, hiyo ni ngoma na vigelegele.

Wifi hakuifuta siku ile. Alikaa akiita maktaba tena na tena, oda za zamani, za miaka mitatu nyuma, ajue tu zingechukua vioo vingapi. Kila jibu likitoka anapiga makofi mwenyewe. Fundi alipita mara nne kujifanya anatafuta futi yake, na mara ya nne akakaa.

Jumamosi saa moja na nusu nikakuta mlango wa stoo uko wazi. Wifi alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi, daftari gotini, anahesabu mirija ya silikoni.

"Na mumeo umemwachia nini?"

"Nimemwachia nyumba. Nyamaza, nitapoteza hesabu."

Akahesabu silikoni, bawaba, skrubu za aina sita. Ilipofika saa nne jasho lilikuwa linamtiririka, nami roho ikanilegea. "Basi, wifi," nikamwambia. "Imetosha. Iliyobaki nimekusamehe."

"Usinisamehe. Ulisema mpaka mpira wa mwisho." Akageuza ukurasa. "Halafu mwezi uliopita uliandika mirija arobaini. Ipo thelathini na minane."

"Nani kakwambia ukague?"

"Unataka nihesabu au hutaki?"

"Hesabu!"

Akahesabu. Saa sita na nusu alichomoa mpira wa mwisho wa dirisha chini ya rafu, akaupuliza vumbi, akauweka mapajani mwangu: wa mia mbili na sita. Nikaandika.

"Hatudaiani?" akauliza.

"Hatudaiani. Funga mlango, tukale."